Kabichi na Ndugu Zake: Kilimo Hai katika Bustani ya Nyumbani

Mtahiniwa wa kidato cha nne, mada hii inakusanya mambo uliyosoma kwa nyakati tofauti: uainishaji wa viumbe, lishe ya mimea, rutuba ya udongo, uhusiano wa viumbe katika mazingira, urithi na mageuko. Darasani kila moja lilikuja peke yake. Katika mtihani, na katika bustani, yote huja pamoja. Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani bustani ndogo ya kabichi, sukuma wiki na chainizi katika kijiji cha Mkula, Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kama hujafika Mkula usijali. Karibu kila kinachosemwa hapa unaweza kukipima nyuma ya nyumba yenu.

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza maana ya kilimo hai bila kuacha nusu ya jibu;
(b) kutaja sifa za mimea ya jamii ya kabichi na sababu ya kuwekwa kundi moja;
(c) kupanga tuta, kukokotoa idadi ya miche na kiasi cha mboji;
(d) kueleza kwa nini wadudu huwa sugu kwa viuatilifu;
(e) kupendekeza njia za kudhibiti wadudu na magonjwa bila kemikali za viwandani.

1. Maana ya kilimo hai

Watahiniwa wengi huandika: "Kilimo hai ni kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala sumu." Hiyo ni nusu ya jibu. Mtu aliyepanda kabichi kwenye udongo uliochoka, akaacha wadudu wale na magugu yakue, naye hajatumia mbolea wala sumu, lakini hakuna atakayemwita mkulima wa kilimo hai. Huyo ameacha tu kulima.

Jibu kamili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni vitu vinavyoepukwa, yaani mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali za viwandani na mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara. Upande wa pili ni vitu vinavyofanywa badala yake, navyo ni kulisha udongo kwa mboji na samadi, kubadilisha mazao kila msimu, kuchanganya mazao, kutandaza majani makavu na kuwalinda viumbe wanaokula wadudu waharibifu. Upande wa pili ndio wenye kazi, na ndio wenye alama nyingi.

Afrika Mashariki ina kiwango chake rasmi cha mazao ya kilimo hai. Kilikubaliwa mwaka 2007, na alama yake sokoni huitwa Kilimohai. Kwa Tanzania, shirika linalounganisha wadau wa kilimo hiki ni TOAM, na mkoani Morogoro wapo SAT, wanaofundisha wakulima mbinu hizi kwa vitendo. Mifano hii ikumbuke. Jibu lenye mfano wa nchini mwako huonyesha kwamba umeelewa, hukukariri tu.

2. Kwa nini Mkula?

Mkula iko kando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara. Upande mmoja ipo miteremko ya Milima ya Udzungwa, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Upande mwingine bonde linafunguka kuelekea mashamba ya mpunga na Mto Kilombero. Vijito vinashuka kutoka msituni, vinapita vijijini, vinamwagilia mashamba, kisha vinaingia mtoni. Mto Kilombero nao hukutana na Luwegu na kuunda Rufiji. Ardhioevu ya Bonde la Kilombero iliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Maana yake ni rahisi. Unachomwaga bustanini hakibaki bustanini. Ukisuuza bomba la kupulizia dawa kwenye mfereji, wa chini yako anachota maji hayohayo, na samaki wanaishi humohumo. Na kabla ya maji kufika kwa jirani, kabichi yenyewe inaliwa nyumbani kwenu. Kwenye shamba kubwa mkulima hupulizia akasubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kuvuna. Bustani ya nyumbani haivunwi hivyo. Mama anatoka jikoni saa kumi na moja jioni, anachuma majani sita ya sukuma wiki, na saa moja usiku wadogo zako wanakula. Hakuna siku ya kusubiri. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kujifunza kulinda mboga za nyumbani bila sumu.

3. Ukoo wa kabichi

Kabichi iko katika familia ya mimea iitwayo Brassicaceae. Jina la zamani la familia hii ni Cruciferae, lenye maana ya wabeba msalaba, kwa sababu ua lina petali nne zilizopangwa kama msalaba. Tazama ua la njano la chainizi lililochelewa kuvunwa, utaliona umbo hilo. Sifa nyingine za familia hii ni stameni sita, nne ndefu na mbili fupi, na tunda jembamba linalopasuka pande mbili likikauka.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wanafunzi. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni spishi moja: Brassica oleracea. Hazifanani kwa macho kwa sababu binadamu, kwa karne nyingi, walichagua mbegu kutoka mimea waliyoipenda. Waliopenda majani mapana walipata sukuma wiki. Waliopenda chipukizi la juu lililojifunga walipata kabichi. Waliopenda maua yaliyojaa walipata koliflawa na brokoli. Huu ni uteuzi unaofanywa na binadamu, na ni mfano mzuri kuuandika ukiulizwa tofauti yake na uteuzi asilia. Chainizi ni ndugu wa karibu lakini spishi nyingine, Brassica rapa. Figili nayo imo katika familia hii.

Familia nzima ina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Jani likitafunwa, seli hupasuka, kimeng'enya hukutana na kemikali hizo na ule ukali wa haradali hutokea. Kwa mmea huo ni ulinzi, kwani wadudu wengi huukimbia. Lakini wapo wachache waliozoeana na kemikali hizo kwa vizazi vingi, na sasa wanaitumia harufu yake kuutafuta mmea. Ulinzi umegeuka kuwa kibao cha njia. Kumbuka hoja hii, tutairudia tukifika kwa wadudu.

4. Joto na msimu

Kabichi asili yake ni maeneo ya baridi. Hufunga vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Ndiyo maana kabichi nyingi zinazouzwa mabondeni hutoka nyanda za juu. Mkula iko karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake la kawaida hupita kiwango hicho. Kwa hiyo mkulima wa Mkula anayepanda kabichi Desemba anashindana na hali ya hewa. Joto litaizuia kujifunga, na mvua za masika zitakazofuata zitaleta magonjwa.

Ufumbuzi wake uko mara tatu. Kwanza, panga kalenda. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili au Mei, hamishia miche Juni, vuna Agosti hadi Septemba mapema, ili kabichi ijifunge katika miezi yenye ubaridi. Pili, soma pakiti ya mbegu na uchague aina iliyoandikwa kwamba inavumilia joto. Tatu, usitegemee kabichi peke yake. Sukuma wiki haihitaji kujifunga na huvunwa jani kwa jani kwa miezi mingi, na chainizi huwa tayari ndani ya wiki tano hadi saba. Familia yenye matuta ya mboga hizi mbili ina mboga hata mwaka ambao kabichi imegoma.

Zingatia: kabichi huishi misimu miwili. Katika msimu wa kwanza hujenga majani, kisha huhitaji wiki kadhaa za baridi ndipo itoe maua na mbegu. Bondeni baridi hiyo haipo, kwa hiyo usitarajie kuvuna mbegu za kabichi Mkula. Chainizi ni kinyume chake. Joto huiharakisha kutoa maua, na ikitoa maua majani huwa machungu, hivyo ivune mapema. Tena, mbegu chotara zenye alama F1 hazifai kutunzwa kwa msimu ujao hata zikipatikana, kwa sababu kizazi cha pili hutawanya sifa, kama ulivyosoma katika urithi.

5. Kulisha udongo

Kabichi ni mlaji mkubwa. Huhitaji naitrojeni nyingi kwa majani, na udongo wenye pH kati ya 6.0 na 6.8. Katika kilimo hai chakula hicho hutoka kwenye mboji.

Malighafi za mboji Mkula hazinunuliwi. Baada ya mavuno ya mpunga kuna majani makavu tele. Yapo pia magugu mabichi, maganda ya ndizi, samadi ya kuku, mbuzi au ng'ombe, na majivu ya jikoni. Panga hivi: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka jembamba la samadi, majivu kidogo na udongo kidogo, kisha mwagilia. Rudia mpaka lundo lifike urefu wa kiuno. Funika kwa majani ya migomba ili jua lisilikaushe na mvua isiuoshe utajiri wake. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu. Mboji huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu, ikiwa nyeusi, inamung'unyika na kunukia kama udongo wa msituni.

Kwa nini tuchanganye vikavu na vibichi? Bakteria na kuvu wanaoozesha lundo huhitaji kaboni kwa nishati na naitrojeni kwa kujenga protini. Majani makavu ya mpunga yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Ukiyafukia peke yake kwenye tuta, bakteria watachukua naitrojeni ya udongo ili wayaozeshe, na kabichi zako zitakuwa za njano ingawa "umeweka mbolea". Samadi na majani mabichi ndiyo huleta naitrojeni inayopungua. Majani ya mpunga ambayo hayajaoza yana kazi nyingine nzuri, nayo ni matandazo juu ya udongo. Hapo hupunguza joto la udongo, huzuia maji kukauka na hunyima magugu mwanga.

Kwa nini tupindue? Ili hewa iingie. Lundo lenye oksijeni hupata moto wa kutosha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea. Lundo lisilo na hewa hunuka, na naitrojeni hupotea.

Samadi mbichi isiwekwe moja kwa moja kwenye miche. Huunguza mizizi, na huweza kuleta minyoo na vijidudu kwenye mboga zinazoliwa bila kuiva vizuri. Majivu nayo yana kipimo. Huongeza potasiamu na kupunguza asidi, lakini yakizidi huipandisha pH kupita kiasi.

6. Kitalu, tuta na hesabu zake

Sia mbegu kwenye mistari yenye umbali wa sentimita 10 hadi 15, kina cha sentimita 1. Weka kichanja cha kivuli, na ukipunguze kidogo kidogo wiki ya mwisho ili miche izoee jua. Baada ya wiki 4 hadi 5, miche ikiwa na majani 4 hadi 6, hamishia jioni, siku ambayo kitalu kimemwagiliwa.

Umbali wa kabichi ni sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 45 kati ya mche na mche. Chukua tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4.5.

Eneo la tuta: 1.2 × 4.5 = mita za mraba 5.4.
Eneo la mche mmoja: 0.6 × 0.45 = mita za mraba 0.27.
Idadi ya miche: 5.4 ÷ 0.27 = miche 20.

Kwa mboji, tumia kiwango cha tani 20 kwa hekta. Tani 20 ni kilo 20,000, na hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo kila mita ya mraba hupata kilo 2. Tuta letu litahitaji 5.4 × 2 = kilo 10.8. Hiyo ni kama ndoo moja ya lita 20 iliyojaa mboji. Sasa unaona kwamba "tani 20 kwa hekta" haikuwa habari ya wenye mashamba makubwa tu.

7. Nondo mwenye almasi mgongoni

Adui mkuu wa jamii ya kabichi duniani ni nondo mdogo wa kijivu, Plutella xylostella. Akikunja mabawa, mgongoni huonekana alama za rangi hafifu zinazofanana na almasi. Nondo mwenyewe hali majani. Anayekula ni kiwavi wake wa kijani, mwembamba, asiyezidi urefu wa sentimita moja na kidogo. Ukimgusa hujinyonganyonga kurudi nyuma na kujiangusha kwa uzi wa hariri. Hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kama kidirisha.

Hatua zake ni nne: yai, kiwavi, pupa aliye ndani ya kifuko cha hariri chini ya jani, na nondo. Mahali penye joto mzunguko wote huchukua wiki mbili hadi tatu tu. Maana yake ni kwamba, kabla kabichi haijavunwa, vizazi kadhaa vimepita juu yake.

Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba mdudu huyu hafi tena kwa DDT. Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wadudu wa mazao kujulikana kuwa sugu kwa dawa hiyo. Tangu hapo ameshinda dawa za makundi mengi. Hapa ndipo swali la mageuko linapokuja, na hapa ndipo alama nyingi hupotea.

Jibu lisilo sahihi: "Wadudu walipuliziwa dawa mara nyingi, miili yao ikaizoea, wakawarithisha watoto wao hali hiyo."

Jibu sahihi: katika kundi la viwavi tayari kuna tofauti za kijenetiki kabla dawa haijapuliziwa. Tuseme wapo 1,000, na 10 kati yao wana jeni inayowawezesha kuivunja dawa mwilini. Mkulima anapulizia, 990 wanakufa, 10 wanabaki. Hao 10 ndio wanaozaana, na watoto wao wengi wanairithi jeni ile. Mkulima anapulizia tena, wanaokufa sasa ni wachache. Anaongeza kipimo, anachanganya dawa mbili, anapulizia kila baada ya siku tatu. Kila mara anawaondoa dhaifu na kuwaachia sugu uwanja. Hakuna kiwavi aliyebadilika mwilini kwa kuizoea dawa. Kundi ndilo lililobadilika. Huo ni uteuzi asilia, na dawa ndiyo iliyofanya uchaguzi.

Ubaya mwingine ni kwamba dawa hiyohiyo huua nyigu wadogo na buibui waliokuwa wakiwala viwavi. Mkulima hubaki na wadudu sugu, bila walinzi, na deni la dawa dukani.

Wataalamu walitumia njia nyingine. Mwaka 2002, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE chenye makao Nairobi kilianza kuwaachia nyigu wadogo waitwao Diadegma semiclausum nchini Kenya, ikiwemo eneo la Werugha kwenye Milima ya Taita. Nyigu hao walitoka Taiwan. Jike hutaga yai ndani ya kiwavi, na buu la nyigu humla kiwavi kwa ndani. Nyigu huyu hupenda nyanda zenye ubaridi. Kwa maeneo ya chini yenye joto yupo nyigu wa aina nyingine, Cotesia, anayelistahimili joto vizuri zaidi.

Huhitaji kuagiza nyigu ili ufanye kazi hii Mkula. Unahitaji kutowaua waliopo. Acha maua machache ya giligilani na chainizi kandokando, kwani nyigu wakubwa hula nekta. Ukiona vifuko vyeupe au vya njano vidogo karibu na kiwavi aliyedhoofika, usivifute. Huenda ndani yake wamo askari wako wa wiki ijayo.

8. Silaha nyingine za mkulima

Kukagua. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, geuza majani. Bustani ya miche 20 hukaguliwa kwa dakika kumi. Ponda mayai na viwavi kwa vidole. Njia hii haina usugu, maana hakuna jeni ya kustahimili kidole gumba.

Kuchanganya mazao. Ukipanda mistari ya vitunguu au nyanya kati ya kabichi, harufu huchanganyika na nondo hupata shida kuutambua mmea anaoutafuta. Hii ni ile hoja ya glukosinoleti tuliyoahidi kuirudia.

Mwarobaini. Kausha mbegu kivulini, menya, twanga kokwa. Weka gramu 50 kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani lenye nta. Nyunyizia jioni, chini ya majani, kwa sababu mwanga wa jua huiharibu haraka. Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya kiwavi aache kula na humzuia kujivua ngozi. Anayetarajia kuona mizoga asubuhi atasema haifai. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Onyo: si kila kitu cha asili ni salama. Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali kwa binadamu. Usiyatumie kwenye mboga.

Wadudu wengine wa kuwajua ni hawa:

Sota hukata miche usiku usawa wa ardhi. Fukua udongo kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja. Muue, na zungushia miche majivu makavu.

Vidukari hufyonza utomvu na kukunja majani machanga. Majike huzaa bila kupandwa, ndiyo maana huongezeka upesi. Wadhibiti kwa maji ya sabuni na kwa kuwalinda mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari. Dhibiti pia sisimizi wanaowalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao.

Kiwavi mla kitovu, Hellula undalis, hupenda maeneo ya joto. Hula chipukizi la katikati, na kabichi hutoa vichwa vidogo vingi badala ya kimoja. Mche ukiliwa kitovu mapema, ung'oe na upande mwingine.

9. Ugonjwa mmoja usiousahau

Uozo mweusi husababishwa na bakteria, Xanthomonas campestris. Dalili yake haipotei. Ukingoni mwa jani hutokea eneo la njano lenye umbo la herufi V, ncha ikielekea ndani, na vena ndani yake huwa nyeusi. Bakteria huingia kupitia vitundu vya ukingo wa jani na husambazwa na mbegu, matone ya mvua, zana na mikono. Joto na unyevu wa bondeni huupenda.

Dawa ya kutibu mmea ulioshikwa haipo. Kuna kinga tu. Nunua mbegu safi, mwagilia chini badala ya juu ya majani, usifanye kazi bustanini majani yakiwa na maji, ng'oa na choma mmea wenye dalili, na fuata mzunguko wa mazao.

Mzunguko wa mazao kwa matuta manne uko hivi. Mwaka wa kwanza tuta la A lina jamii ya kabichi, B lina kunde au maharage, C lina nyanya au bilinganya, D lina vitunguu au mchicha. Mwaka unaofuata jamii ya kabichi huhamia B, ambako kunde na bakteria wa Rhizobium wameacha naitrojeni, na nyingine zote husogea. Jamii ya kabichi hurudi A baada ya miaka mitatu, wakati vimelea vyake vimekufa kwa kukosa mwenyeji. Kosa la kuepuka ni kutoa kabichi na kupanda chainizi, ukidhani umebadilisha zao. Umebadilisha jina tu. Familia ni ileile na vimelea ni vilevile.

10. Kuvuna na kupika

Vuna kabichi ikiwa ngumu unapoibonyeza. Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha ya juu yaendelee kukua. Mboga hizi zina vitamini C, kalsiamu na nyuzinyuzi, na za kijani iliyokolea zina kinachogeuzwa mwilini kuwa vitamini A. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto. Kwa hiyo osha kwanza ndipo ukate, pika kwa muda mfupi, na usimwage maji yake. Ukikata, ukaloweka, ukachemsha mpaka rangi ikapotea, umekula nyuzinyuzi na jina la mboga.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kilimo hai kwa kutumia vitu viwili vinavyoepukwa na vitu vitatu vinavyofanywa.
2. Mkulima ana tuta la mita 1.2 kwa mita 9. Kokotoa idadi ya miche ya kabichi na kilo za mboji zinazohitajika. (Majibu: miche 40, kilo 21.6)
3. Kabichi na brokoli ni spishi moja. Eleza zilivyopata maumbo tofauti.
4. Mkulima analalamika: "Dawa niliyotumia miaka mitano sasa haiui viwavi. Wamechakachua." Mweleze kisayansi kilichotokea na umshauri hatua nne.
5. Kwa nini kupanda chainizi baada ya kabichi si mzunguko wa mazao?

Dokezo la swali la 4: usikimbilie ushauri. Anza na tofauti za kijenetiki, fuata na vifo vya viwavi dhaifu, kisha kuzaana kwa waliobaki, kisha kubadilika kwa kundi. Ndipo ushauri ufuate, na kila ushauri uwe na sababu yake. Neno "kuzoea" liache nje ya karatasi yako.

Jibu maswali yote bila kufungua kurasa za nyuma. Kisha, kama nyumbani kuna nafasi ya tuta moja tu, lipime, likokotolee na ulipande.